Kitunga Kilichokwenda Angani

Mariette wa kijiji cha Misiera alisimama katikati ya ukumbi mjini Mbarara, kichwa juu, mdomo wazi. Kitunga cha marehemu mama yake, kilichosukwa Fizi, kwao Kongo, na kubebwa kichwani mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale walipokimbia vita, kilikuwa kinaning'inia darini, kimepakwa rangi ya fedha na kubandikwa vizibo vya soda kuwa madirisha.

Alikuwa amemwazima kitunga hicho Twinomujuni, fundi wa tamthilia ya runinga ya wasafiri wa nyota iliyopigwa picha karibu na kambi. Sasa watu wa mji walimiminika kwenye maonyesho kutazama jinsi ilivyotengenezwa: majoka ya magodoro, mitambo ya redio mbovu, na chombo cha anga ambacho kumbe ni kitunga.

"Mwanangu, ushushe kitunga yangu," Mariette alisema. "Eliane, binti yangu, anaolewa Jumamosi."

"Mama, maonyesho iko mpaka wiki ijayo. Nitakununulia beseni mzuri, ya plastiki."

Mariette aliona ametukanwa. Kwao unga wa bibi arusi hupelekwa ukweni ndani ya kitunga cha bibi yake. Siku hizi wengi hupeleka kwa ndoo, wala hawaoni haya. Wasusi wamekufa na ufundi wao. Mariette hakuwa mmoja wa hao wa ndoo.

"Beseni? Wakwe batasema huyu mutoto niliokota!"

Natukunda, mke wa askari, aliyepita hapo akitoka sokoni, akaangua kicheko. "Twino, kama beseni ni mzuri hivyo, si utundike hiyo beseni huko juu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Twinomujuni naye akacheka, akapanda ngazi, akakifungua kitunga. Beseni lake la kuchanganyia gundi likapakwa rangi, likapanda angani.

Mariette akachungulia ndani ya kitunga. "Iko mutupu! Nilikupatia na mihogo ndani, weye unarudisha hewa?"

"Nisamehe, nyabo, mama yangu!" Twinomujuni akatoka mbio, akarudi akihema na kichane cha matoke.

Jumamosi unga ukafika ukweni ndani ya chombo cha anga. Watoto wakakikimbilia kwa mayowe. Bibi wa bwana arusi akakizunguka kwa mashaka, kisha akaingiza mkono chini ya unga, akapapasa msuko.

"Hii ni ya Fizi!" akasema, akapiga vigelegele.

Jioni kikarudi Misiera kichwani mwa Mariette, si kitupu: kuku mzima alichungulia ukingoni kama rubani.