Zamu ya Tano ya Mwaloni wa Kisimani

Kule milima ya Gallura, Sardinia, hakuna aliyekuwa na ulimi mkali kama Bainzu Carta. Miaka arobaini anabandua magome ya mialoni, yale yanayotengenezewa vizibo vya chupa, na miaka arobaini anagombana. Anagombana na nguruwe mwitu wanaofukua mizizi, anagombana na mbingu isiyodondosha tone tangu Aprili, anagombana na wachuuzi. Ila hakuwahi kujeruhi mti hata mmoja, na hilo alilitangaza kila mahali, mpaka matangani.

Mwaloni hubanduliwa kila baada ya miaka kumi, kiangazi, gome la nje linapolegea. Chini yake kuna gome jembamba wanaloliita mama. Mama akichanika, mti umekwisha. Bainzu alijifunzia kazi kwenye mwaloni mkubwa wa kisimani akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka huu ilikuwa zamu ya tano ya mti huo, naye alikuwa akiuzungukia kila asubuhi, anaupapasa.

Basi Julai hiyo ukavuma upepo wa kusini siku tatu, mkavu, wa moto, mpaka majani ya vichaka vya mihadasi yakawa yanavunjika mkononi. Upepo huo ukivuma, magome hung'ang'ania. Bainzu, aliyekuwa msimamizi wa wabanduaji, akapiga marufuku mashoka yote. Jumamosi asubuhi akasikia ko! ko! upande wa kisimani.

Alikuwa shemeji yake Lussorio, kaka wa mkewe. Mwaloni mdogo alikuwa ameshauchana vibaya, na sasa amesimama mbele ya ule mkubwa, shoka mkononi.

"We Lussorio! Una wazimu? Huoni upepo?"

"Upepo, upepo! Lori la wachuuzi linakuja Jumatatu, shemeji. Sema tu mkono umezeeka, tutakuelewa."

"Umezeeka mkono wa nani? Mimi nimeanza kubandua miti wewe bado unajikojolea!"

"Si ndiyo nasema umezeeka?"

Loo! Bainzu akapandwa na hasira mpaka masikio yakamuwaka. Akampokonya shoka. Alitaka amwonyeshe tu: unagonga taratibu, unasikiliza, mlio ukiwa mzito unaacha. Ndivyo alivyowafundisha watu wote. Lakini kwa hasira ile, hiyo taratibu angeitoa wapi? Shoka likazama. Badala ya kuacha, akaligeuza, akachomeka ncha ya mpini, iliyochongwa kama kabari, kwenye ufa, akakwanyua kwa nguvu zote huku akifoka, "Unaona linavyogoma? Unaona, mpumbavu wewe?"

Gome likatoka. Likatoka pamoja na mama, kutoka usawa wa bega mpaka shinani, na shina likabaki mifupa mitupu.

Bainzu akalitazama lile pande la gome miguuni pake. Akageuka.

"Haya, cheka! Si ulikuwa unanicheka? Cheka basi!"

"Nicheke nini, shemeji," Lussorio akasema. "Umeuua."