Bi Mwahija na Kamera ya Soko

Bi Mwahija anauza samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu, katika kijiji kimoja ukishaipita Somanga kuelekea Lindi. Basi likisimama, yeye ndiye wa kwanza kufika dirishani, na mwili wote ule! Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto amewasomesha kwa meza ile ile moja, na ukitaka kumwona amekasirika, iguse meza hiyo.

Mwaka jana Mtendaji wa kijiji, Bwana Optatus, alifunga kamera kwenye nguzo ya soko. "Ni kwa usalama wenu," akasema. Usalama gani! Tangu siku hiyo mwanamke akisogeza sinia lake nje ya mstari kidogo tu, anaitwa ofisini, anaonyeshwa picha yake, na samaki wanachukuliwa. Hata aliyejikuna alionekana. Lakini mlango wa ofisi, walikoingizwa samaki hao, kamera ilikuwa imeupa kisogo.

Asubuhi moja Bi Mwahija aliwaona mgambo wakipakia samaki wale kwenye gari la Mtendaji. Akatoa simu, akarekodi. Bwana Optatus akaja mbio, akampokonya.

"Nani kakuruhusu kumpiga picha mtumishi wa serikali?"

"Na wewe nani kakuruhusu kunipiga mimi kutwa nzima?"

Akaambiwa aombe radhi mbele ya mkutano wa kijiji, la sivyo meza aisahau. Shoga yake Zuhura alimsihi, "Omba tu, dada. Mwenye nguvu mpishe." Bi Mwahija aliogopa, tusidanganyane. Bila meza ile angekula nini?

Siku ya mkutano watu walijaa. Mwenyekiti, Mzee Ridhiwani, akamwita. Bi Mwahija akasimama, mkononi kashika samaki changu mbichi. Watu wakaguna.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Mwahija. Haya, sema."

Akamgeukia Optatus. "Bwana Mtendaji, wewe ni mteja wangu. Hununui samaki kwangu mpaka umfunue mashavu kabla sijamkaanga, uone kama matamvua bado ni mekundu. Nimewahi kukuzuia?"

"Hujawahi," Mtendaji akakiri.

"Kwa nini sikuzuii?"

Wanawake wa sokoni ndio waliomjibia, kwa sauti moja, "Kwa sababu samaki wake hajaoza!"

Mkutano ukaangua vicheko. Bi Mwahija akangoja vitulie.

"Basi na mimi ni mteja wa ofisi yako. Nimefunua nione, ukaninyang'anya simu. Radhi siombi. Naomba simu yangu, na kamera ile isogezwe ione na mlango wako."

Mzee Ridhiwani akauliza wangapi wanaafiki. Mikono ikapanda kila upande, na wa mgambo mmoja ukiwamo. Simu ikarudishwa pale pale, video ikatazamwa na kila mwenye macho, na wenye samaki wakalipwa. Meza haikuguswa. Zuhura alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kamera ilipokwisha kusogezwa, Bwana Optatus alifika kazini, akaikuta inamkodolea. Akasimama mlangoni anatengeneza kola, hajui aingie au arudi nyumbani.

Bi Mwahija akageuza samaki wake karaini, akapaza sauti soko zima lisikie.

"Ingia tu, Bwana Mtendaji. Ni kwa usalama wako!"