Mama Bado wa Chumba cha Kufulia

Siku ya kwanza kumwona alikuwa ameinamia karo la saruji, mikono imezama mpaka viwiko kwenye maji mekundu. Nilikuwa nimekuja kuanza kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, cheti changu cha darasa la saba nimekishika ndani ya bahasha, sijui nisimame wapi. Msimamizi alinionyesha kwa kidole upande wake, akasema, "Kaa na huyo, atakufundisha," akaenda zake. Yule mama hakugeuka. Alisema tu, "Niletee hilo fungu la mlangoni."

Yalikuwa mashuka ya chumba cha upasuaji. Kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikachota ndoo ya maji ya moto kwenye boila nikayamwagia yote. Alinikimbilia akipiga kelele, "Acha! Acha!" lakini maji yalikuwa yameshaingia. Damu ikipata maji ya moto inashika kwenye uzi na haitoki tena. Mashuka sita yaliharibika. Nikasubiri kutukanwa. Alinitazama kwa muda, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, kilemba kimelowa, macho mekundu kwa sabuni.

"Umewahi kufua damu?"

"Hapana, mama."

"Basi hukujua. Sasa unajua. Maji baridi kwanza, siku zote."

Msimamizi alipokuja kuuliza nani kaharibu mashuka ya serikali, alimjibu, "Ni sisi." Nilikuwa sijamaliza hata saa moja pale ndani, na tayari nilikuwa nimeingizwa kwenye "sisi" yake.

Wenzetu walimwita Mama Bado. Aliyemwita hivyo kwanza ni mpiga pasi, mwanamke mwembamba aliyekuwa na maneno kama sindano. Kila siku saa saba, mashine zikizimwa ili tule, Mama Bado alipita nyuma ya boila, mahali ambapo hakuna mtu aliyependa kwenda kwa joto lake, akaegemeza paji la uso ukutani akasali. Akitoka anatiririka jasho, na mpiga pasi anamngoja.

"Haya, leo umejibiwa?"

"Bado."

"Labda huko juu hakuna mtandao."

"Mtandao upo, wewe. Ni zamu yangu ndiyo haijafika."

"Foleni gani hiyo isiyosogea? Si uhamie dirisha lingine!"

Tulicheka wote. Yeye naye alicheka, akafungua bakuli lake akala.

Nilichelewa kujua alichokuwa akiomba, kwa sababu mimi ni mtu wa haya na siulizi watu mambo yao. Lakini shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnalivuta likanyooka, halafu mnatembea kuelekeana mpaka mikono yenu ikutane, mmoja anapokea, mnarudi tena nyuma. Mara mia na zaidi kwa siku nililazimika kumfikia mtu uso kwa uso. Miezi ya mwanzo niliangalia viatu vya Mama Bado tu. Hakunisema. Baadaye akaanza kunisimulia, kidogo kidogo: tukiachana ananyamaza, tukikutana anaongeza sentensi.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, dereva wa pikapu. Jioni moja amelewa alimgonga binti aliyekuwa akitoka dukani, na hakusimama. Alikwenda kuficha gari uani kwa mama yake, akaingia ndani akajifunika shuka gubigubi. Kesho yake polisi wakapita nyumba kwa nyumba.

"Wakaniuliza, mama, umeona pikapu nyeupe iliyobonyea mbele?" Shuka lilikuwa limetukutanisha, lakini hakuliachia. "Nikawaambia iko uani."

"Hukuweza kunyamaza?"

"Yule binti naye alikuwa na mama yake, mdogo wangu."

Binti alikufa siku ya tatu. Kijana akafungwa miaka saba. Akipandishwa kwenye gari la magereza alimgeukia mama yake mbele ya watu akasema, "Kuanzia leo mimi sina mama." Kila mwezi mama alikwenda gerezani na mfuko wa vitu, na kila mwezi aliurudisha ulivyo, kwa kuwa mfungwa alikataa kutoka kumwona. Alipomaliza kifungo akapata kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali. Wakikutana njiani alivuka barabara.

Ombi lenyewe lilikuwa hilo. "Siombi anisamehe," aliniambia. "Naomba aingie mlangoni kwangu akae. Hata asiposema kitu."

Sote tuliokuwa wadogo kwake alituita "mdogo wangu". Neno "mwanangu" sikumsikia akimwita nalo mtu yeyote.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Mama, hujachoka?"

"Nimechoka. Nani kakwambia sijachoka? Kuna siku naomba kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Nasikia mkono wangu tu."

"Sasa unaendelea kwa nini?"

Alirudi nyuma na ncha zake, akalivuta shuka, akatembea tena mpaka kwangu. "Kila anayemjua anamtaja kwa ubaya. Nikinyamaza mimi, nani atamtaja mbele za Mungu kwa wema? Nimebaki peke yangu kwenye kazi hiyo."

Tulikunja mashuka pamoja miaka sita. Kanisani kwake, ambako nami nilisali, walishazoea. Ilipofika zamu ya maombi, mchungaji alimwuliza kwa upole, "Mama, ni lile lile?" Naye anajibu, "Lile lile." Wengine walianza kumshauri aombe jambo jingine, lenye kuwezekana. Mmoja alimwambia labda kuna dhambi aliyoificha. Alikuja kazini siku hiyo hakula, na aliposimama nyuma ya boila alikaa mpaka mashine zikawashwa.

Mwaka wa sita miguu yake ikaanza kuvimba. Halafu pumzi. Tukikunja, alifika katikati ya njia akasimama, nikawa natembea njia yote mimi mpaka alipo. Daktari alisema moyo umepanuka. Akalazwa wodi ya wanawake, ghorofa ya juu yetu, kwenye mashuka aliyoyafua mwenyewe. Siku ya nne akaniita.

"Nenda karakana. Mwambie naumwa. Usimwombe kitu, usimlaumu. Mwambie tu naumwa, niko wapi, basi."

Sijui kwa nini alinichagua mimi. Nilipita mbele ya karakana ile mara tatu kabla ya kuingia. Mwanawe alikuwa amechuchumaa akichomelea geti, cheche zinaruka. Nilisimama mpaka akainua kinyago chake cha chuma. Alikuwa na macho ya mama yake, na hilo lilinivuruga. Nikasema nilichotumwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Miaka saba nimelala chini, kwenye saruji. Mgongo wangu haunyooki tena. Aliyenipeleka ni yeye. Kamwambie dereva alishakufa." Akateremsha kinyago, cheche zikaanza.

Njiani nilikuwa nayo maneno hayo yote. Nilipoingia wodini alikuwa ameshajiinua kwenye mto, ananitazama mdomo. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amesemaje?"

Hapo ndipo nilipoharibu tena. Sikuweza. Nikasema, "Amesema atakuja Jumapili."

Aliweka mikono usoni. Alilia kwa sauti mpaka nesi akaja mbio akidhani amezidiwa. Halafu akaanza kumwambia kila mtu: nesi, mgonjwa wa kitanda cha kushoto, mfagiaji. Mpiga pasi alipopanda kumwona akaambiwa naye, na mwanamke yule wa maneno makali akapiga magoti chini akisema, "Mungu anisamehe kwa kejeli zangu." Aliteremka akachukua gauni la Mama Bado, akalipiga pasi vizuri kuliko alivyowahi kupiga kitu chochote. Jumapili asubuhi mchungaji akatangaza kanisani kwamba ombi la miaka kumi na minne limejibiwa. Watu walisimama wakaimba. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, na kila ubeti ulinipiga kichwani.

Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa saa kumi hadi saa kumi na mbili. Alivaa gauni lile, akakaa kitako kitandani, macho mlangoni. Nilikaa karibu naye. Kila mlango ulipofunguka alirekebisha kilemba. Saa kumi na moja akasema, "Labda kazi zimembana." Saa kumi na moja na nusu akasema, "Labda amepotea wodi, kashuke ukamtazame." Nikashuka, nikasimama chini ya ngazi nikijua hakuna mtu, nikapanda. Kengele ililia, wageni wakatoka. Alivua kilemba akakikunja.

"Mama," nikasema, "hakusema atakuja. Nilidanganya."

Hakunitazama. Nilitamani anitukane, kama nilivyosubiri kutukanwa siku ile ya mashuka.

"Kwa hiyo alisema nini hasa?"

"Mama, ni maneno mabaya."

"Niambie kama alivyosema. Usipunguze."

Nikamwambia yote, sakafu, mgongo, dereva. Alisikiliza amefumba macho, midomo inarudia taratibu kila neno.

"Miaka saba chini," akasema. "Hilo sikulijua. Na mgongo." Kisha akanigeukia, na hapo ndipo nilipoona hasira yake mara ya kwanza na ya mwisho. "Miaka kumi na minne sijasikia neno lake hata moja. Yeye kakupa maneno yake uniletee, wewe ukayatupa njiani ukaniletea yako! Nifanye nini na yako? Hayo ya sakafu ndiyo ya mtoto wangu. Hayo ndiyo ningeomba nayo wiki nzima."

Nilichukua kilemba chake, nikakikunjua, nikakikunja upya.

"Na kanisani wamesimama wamemshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukifanya," akaendelea, pumzi zinakatika. "Nenda kwa mchungaji. Mwambie bado."

Nilikwenda jioni ile ile. Mchungaji akasema tuliache tu, watu wataumia, imani zao ni changa. Nilimrudishia Mama Bado jibu hilo, safari hii bila kupunguza. Akasema, "Mungu hana haja ya kusingiziwa." Basi Jumatano, kwenye ibada ya katikati ya wiki, mimi ambaye sijawahi kusoma hata tangazo mbele ya watu nilisimama nikasema nilisema uongo, na Mama Bado hajajibiwa. Wengine walitoka kabla ya ibada kwisha. Mpiga pasi alinifuata mlangoni akasema, "Kumbe mkimya ndiye mbaya," akaondoka, na hakunisemesha mwezi mzima.

Siku zile za mwisho Mama Bado aliomba kitandani, kwa sauti, maana hakuwa na boila la kumficha. Hakuomba tena kuhusu mlango peke yake. Aliomba kuhusu mgongo wa mwanawe. Aliomba apate kitanda kizuri. Mgonjwa wa kushoto aliniambia wakati mwingine alinyamaza katikati, akasema, "Bwana, unanisikia au hunisikii? Sawa. Naendelea." Akaendelea.

Alifariki Ijumaa alfajiri. Nilikwenda karakana kumwambia mwanawe siku na mahali pa maziko. Aliinua kinyago, akanisikiliza, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akakishusha. Tulizika Jumapili mchana, watu kama ishirini, mpiga pasi akiwa amesimama upande wa pili wa kaburi. Mwanawe hakuja. Mpaka naandika haya hajaja, wala kaburini sijasikia amefika. Namtaja kila siku na sijaona chochote kikibadilika, na sitaki kumdanganya mtu kwa jambo hili mara ya pili.

Mara ya mwisho kuongea na Mama Bado ilikuwa Alhamisi ile, nesi ameshagonga kitanda kunionyesha muda umekwisha. Nilidhani amelala, nikawa naondoka kwa kunyata. Akanishika mkono wa shati.

"Mdogo wangu, pumzi yangu haitoshi tena. Endelea kumtaja wewe. Na akija, usimhesabie miaka. Mwambie karibu, halafu mwulize mgongo unaendeleaje."