Mvi za Wifi na Mkasi Wangu

Mimi ndiye niliyeshika mkasi. Nalisema mapema ili asije mtu baadaye akanitolea macho na kuniuliza ilikuwaje. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu, taulo mabegani, nami nikamkata ncha zote nyeusi zilizokuwa zimebaki kichwani. Nilizifagia, nikazitia kwenye ndoo ya taka, nikamwambia, "Haya wifi, sasa humdanganyi mtu tena." Nilijiona nimefanya jambo la maana kweli.

Wifi ana miaka hamsini na mitatu. Kazi yake ni kupiga pasi katika duka la dobi lililoko mtaa wa pili kutoka hapa, na wenzake humwita Bi Pasi. Mashuka ya hoteli, makoti ya mahakimu, magauni ya maharusi, yote hupita mikononi mwake. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Alikuwa akija kwangu anapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, na akilipata anafurahi mpaka jino la mwisho. Lakini chumba chake kiko upande wa pili wa ua huu huu, na mtu unayemwona kila asubuhi akipiga mswaki huwezi kumchukia milele. Halafu kulikuwa na mama.

Mama mkwe alikuwa msusi. Miaka arobaini alisuka vichwa vya watu kwenye baraza hii, na wapo waliosukwa wakiwa wasichana wakarudi na wajukuu wao. Siku hizi akili imemtupa mkono. Mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, anamwita "fundi" na kumuuliza kama ameshamaliza kazi. Mimi ananiona msichana wa kazi, tena mdokozi, namwibia sukari. Sijali, sukari yenyewe nainunua mimi. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki katika kumbukumbu yake, naye ni binti yake.

Na mama alikuwa hali ila kwa mkono wa binti yake. Miaka miwili sasa. Ukimpa kijiko ashike mwenyewe, anakitazama tu. Nikimlisha mimi, anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Kwa hiyo wifi alimlisha asubuhi kabla ya kazi, mchana akatoka mbio dukani na kurudi mbio, jioni akamlisha tena. Kila Jumamosi alikaa chini, katikati ya magoti ya mama, akasukwa. Vidole vya mama havijasahau kitu. Anagawa nywele kwa kitana, anavuta mstari, moja kwa moja mpaka kisogoni, huku hajui leo ni mwaka gani.

Sasa nije kwenye rangi. Wifi aliota mvi akiwa na miaka ishirini na tisa, na mama mwenyewe ndiye aliyempaka rangi mara ya kwanza. Msusi mzima, mwanao awe na mvi kabla yako, wateja watasemaje? Tangu siku hiyo ikawa kila mwezi, miaka ishirini na zaidi, mpaka ngozi ikagoma. Vilianza vipele, vikaja vidonda vinavyotoa maji, halafu asubuhi moja mwaka jana wifi akaamka macho yamevimba hayafunguki. Daktari alisoma pakiti ya rangi, akaitupa kwenye pipa lake la taka mbele yetu. "Mama, ukirudia hii," akasema, "safari ijayo litavimba koo. Hapo hata mimi sitakufikia."

Wifi alilia njia nzima. Mimi nikamwambia aache kulia, mvi si ugonjwa, nami nitamsimamia. Nikajipa ukuu wa idara ya kichwa chake. Nikamkataza kuosha nywele kila siku kwa sabuni ya kufulia, tabia ya madobi hiyo. Nikamtafutia shampuu laini, nikamkanda kwa mafuta kila baada ya siku mbili, maana mvi ni kavu na zinakunywa mafuta bila kushukuru. Tulikuwa tunashindwa na mvuke wa pasi tu. Ulizigeuza za mbele zikawa njano, hata afunge kitambaa vipi.

Wifi akatumia ujuzi wake. Kazini, shuka jeupe likianza kuwa njano hutiwa buluu kidogo kwenye maji ya mwisho. Basi naye akatia buluu kwenye beseni, akachovya kichwa. Mkono ulimteleza. Alitoka na kichwa cha rangi ya shati la shule, na tajiri wake akamuuliza kama siku hiyo alijifua pamoja na mashuka. Tulicheka wiki nzima. Baadaye alijifunza kipimo, tone moja kwa beseni zima, na mvi zikatoka safi kabisa, za kupendeza. Nilimwonea wivu, nakiri.

Ila zile ncha nyeusi ziliniudhi. Baada ya miezi kumi na minne mvi zilikuwa zimeshuka hadi chini ya masikio, halafu rangi ya zamani ikaning'inia mwishoni. Nikamwambia anaonekana kama ameazima nusu ya kichwa. Yeye hakuwa na haraka. Mama naye hakulalamika hata siku moja. Alisuka zile nyeupe kimya, na akifika kwenye ncha nyeusi alizishika kati ya vidole na kusema, "Mwanangu. Mwanangu." Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya, na bado ile Ijumaa jioni nikachukua mkasi.

Jumamosi asubuhi wifi aliingia chumbani kwa mama na bakuli la uji, kichwa wazi, ameoga, amependeza. Mama akainua uso. Akajivuta mbele kidogo kitandani, vile mtu anavyojiweka sawa mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani anatania. Wifi naye akacheka. "We mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Karibu ukae," mama akasema. "Nani amekuelekeza kwangu? Unataka mistari mingapi?"

"Mama, ni mimi. Mwanao."

Mama alimtazama zile nywele, akatabasamu kwa adabu. "Mwanangu bado msichana, mama. Nywele zake nyeusi tii. Anakuja sasa hivi kunilisha."

Wifi akapeleka kijiko. Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa na hasira, aliona aibu tu kulishwa na mtu mzima asiyemjua. "Usihangaike, mama. Namsubiri mwanangu." Alimsubiri mpaka mchana. Alimsubiri mpaka jioni. Nikimpelekea chai kwenye kikombe aliinywa kidogo, na hicho ndicho kilichoingia tumboni mwake siku hiyo na zilizofuata.

Tulijaribu. Jumapili wifi alifunga kitambaa, mama akamwambia akifungue, hasuki mtu juu ya kitambaa. Jumatatu nilinunua wigi jeusi. Msusi wa miaka arobaini unamdanganya kwa wigi? Alilishika, akalivua, akampa wifi mkononi. "Hizi za dukani, mama. Zako mwenyewe ni nzuri, kwa nini unazificha?" Wifi akawa anabisha, "Mama, ni mimi, nitazame machoni, ni mimi," na kadiri alivyosema ndivyo mama alivyozidi kuogopa, mpaka akaanza kulia na kumwita binti yake kwa sauti ili aje amwondolee huyu bibi.

Jumanne nilimkuta wifi bafuni na pakiti ya rangi. Nikamshika mkono, tukavutana kama watoto.

"Niache, wifi. Mama anakufa njaa."

"Na wewe ukifa, nani atamlisha? Mimi? Mwizi wa sukari?"

Nilikuwa nimechelewa. Alikuwa ameshajipaka tone nyuma ya sikio kujaribu. Asubuhi sikio lilikuwa limevimba, na shingo upande mzima nyekundu. Tukaikunja ile pakiti kwenye gazeti na kuitupa. Sijui kama umewahi kusimama mahali ambapo kila mlango umeujaribu. Hasira yote niliyozaliwa nayo haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mimi mwenyewe.

Alhamisi muuguzi alikuja, akamvuta mama ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akasema Jumatatu isipite. Kama bado hali chakula, apelekwe hospitali atiwe mpira puani wa kumlishia. Mume wangu alisikiliza, akatoka nje, akaanza kutengeneza bawaba ya mlango ambao haukuwa na ubovu wowote.

"Nimeshindwa, wifi," wifi aliniambia siku hiyo. "Miaka yote hii, halafu nimeshindwa na nywele." Nilitaka kumwomba radhi kwa mkasi. Nikaishia kumuuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Jumamosi ilifika. Wifi hakufunga kitambaa. Aliingia kwa mama polepole, akasimama mbele yake. Mimi nilibaki mlangoni na bakuli la uji, kwa mazoea tu. Mama alikuwa amepungua, gauni linampwaya mabegani. Akainua uso.

"Shikamoo, mama."

Wifi alimtazama tu. Wiki nzima ile salamu alikuwa ameikataa, na nani angeweza kuipokea? Mama akadhani amekosea kitu. Akaikunja mikono, akarudia kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," wifi akasema.

Uso wa mama ulifunguka. Wifi akakaa chini, katikati ya magoti yake, na mama akachukua kitana. Alisuka mistari ya kurudi nyuma, taratibu, bila kuvuta. "Mvi hazitaki kuvutwa," alimweleza. "Na usikubali mtu akupake rangi, mama. Mimi nilimpaka mwanangu akiwa mdogo. Nilimwonea aibu. Siku hizi haji, labda ndiyo sababu."

Nilimwona wifi akiuma mdomo. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola, lakini kichwa hakukitikisa, maana mama alikuwa anasuka. Mstari wa mwisho ulipofika shingoni alijifuta uso kwa kanga, akageuka. Akaninyooshea mkono nikampa bakuli.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado. Namsubiri binti yangu."

"Utakula kwanza." Sauti haikuwa ya wifi ninayemjua. Ilikuwa ya mtu mzima anayemwambia mtoto. "Mimi ni mkubwa wako. Nikikwambia kula, unakula."

Mama alimtazama zile nywele nyeupe alizozisuka mwenyewe. Akaweka mikono mapajani, akafungua mdomo.

Alikula lile bakuli lote. Nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango. Ilikuwa furaha, sikatai, mama anakula, hapelekwi popote Jumatatu. Lakini mwanamke aliyemlisha alikuwa ametoka kukubali kwamba si mtoto wa mtu yeyote humo ndani, na mimi ndiye niliyemkata.

Wifi alimpangusa mama midomo kwa ncha ya kanga.

"Asante, mama," mama mkwe akasema. "Ukikutana na mwanangu huko njiani, mwambie nimekula. Asiwe na wasiwasi."

"Nitamwambia," wifi akajibu, akakwangua uji uliobaki pembeni mwa bakuli, akampa.