Kotama ya Baba

Baba yangu alikuwa mhunzi karibu na Msambweni. Alifua majembe hadi majembe ya dukani yalipomnyang'anya wateja. Akabakiwa na wagema tu, kwa kuwa kotama, kile kisu chembamba cha kugemea mnazi, hakuna duka lililoiuza. Nami nilishinda naye bandani, lakini nikisoma. Nilijifunza kuchomelea kwa vitabu, na mgodi ulipofunguliwa huku Kwale nikaajiriwa kuunga mabomba. Baba alipofariki, fuawe lake la kufulia chuma nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, nipate nafasi ya mashine yangu.

Sasa mgodi umefungwa. Kazi ya kuchomelea mageti huko Diani ina mafundi wengi kuliko mageti yenyewe. Kwa hiyo nilirudi kwenye kotama, nikifua juu ya kipande cha reli.

Mgema mmoja mzee, aliyekuwa mteja wa baba, alikubali kunijaribia. Akiridhika yeye, wagema wa kwetu hadi Bodo wangekuja. Asiporidhika, sikuwa na sababu nyingine ya kufungua banda. Kotama ya kwanza ilimeguka makali. Niliandika katika daftari: ngumu mno. Ya pili, baada ya kuizimisha majini ikiwa nyekundu kwa moto, niliipasha tena moto kidogo, kama kitabu kinavyoelekeza, hadi ikageuka rangi ya majani makavu. Wiki iliyopita aliirudisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Karara la mnazi, ninalolikata, ndilo la kuinama, mwanangu. Sasa kisu nacho kinasujudu."

Makali yalikuwa yamejikunja. Niliandika: laini mno. Kisha nikamwomba anionyeshe ile ya baba, akaichomoa kiunoni. Kwa kunolewa miaka yote ile ilikuwa imebaki nusu ya upana wake, na makali yake mazima. Nilipitisha ukucha polepole, kutoka shina hadi ncha. Hapakuwa na pengo hata moja.

"Baba alikuwa akiizimisha katika maji au mafuta?"

"Waniuliza mimi? Mimi nilikuwa juu ya mnazi. Wewe ndiwe uliyekuwa bandani."

Nilimweleza kwamba njia ninayoijua ni moja: kuivunja hiyo ya baba, nitazame chembe za chuma kwa ndani. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Na kesho nigeme na nini? Na hiyo yako?"

Nilikuwa bado nimeishika ile ya baba. Reli ilikuwa karibu, na nyundo ilikuwa juu yake. Nikamrudishia.

Aliifunga katika kitambaa chake. "Usinitengenezee nyingine," alisema. "Hii ikiisha, nami nitakuwa nimeisha."

Tangu siku hiyo sijawasha moto. Yeye hugema asubuhi na jioni, na kila mara, kabla ya kupanda, huinoa.