Soksi Moja, Maiki Mbili

Mke wangu alirekodi kwaya na bendi za matarumbeta miaka thelathini na moja. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kufagia ukumbi, akasikia mafundi wanavyoharibu nyimbo za watu, akakasirika. Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka dukani kununua maiki zake mwenyewe.

Nilikuwepo. Alitaka maiki za kondensa, zile ndogo nyembamba kama kidole, zinazosikia hata mtu akimeza mate. Muuzaji akamletea mbili zinazong'aa. Mke wangu akasema hapana, leta sita za aina moja. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akanipa funguo za nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuzitikisa huku nikizunguka kila maiki: mbele, ubavuni, nyuma, nirudi. Muuzaji akalalamika kwamba mbele zote ni nzuri.

"Mbele hata mchumba ni mzuri," mke wangu akamwambia. "Mzee, pita ubavuni."

Njiani alinieleza. Waimbaji hawasimami wote mbele ya maiki. Wa pembeni nao wanaimba, na kuta zinarudisha sauti. Maiki ikiwa mbovu ubavuni, mtu wa mwisho kwenye mstari anasikika kama yuko ndani ya debe. Na mbili zisipofanana, kwaya nzima inaegemea upande mmoja.

Tulizunguka kwa muda wa saa tatu. Muuzaji akachoka, akamrushia methali ya mchagua nazi hupata koroma. Akajibiwa kuwa asiyechagua huuziwa kifuu. Mke wangu akachukua ya pili na ya tano, zilizofanana hata ubavuni. Nyumbani akazitia zote mbili katika soksi yangu ya sufu. Soksi ya pili sikuona tena kazi yake.

Hakuwa mtu wa maneno. Mimi pia. "Umetembea vizuri," aliniambia siku ile. Sifa nyingine sikumbuki.

Alipofariki, mdogo wake alikuja kugawa vitu. Huyu shemeji yangu ana chumba cha kurekodia chenye taa za rangi na kiti kinachozunguka. Dada yake alimwita Kiti. Akazitoa maiki kwenye soksi, moja akaiweka mbele yangu, moja akaitia mfukoni.

"Ziko mbili, kila mtu yake," akasema. "Haki imetendeka, shemeji."

Nilimtazama. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo hiyo anagawa pacha kama anayegawa mayai. Nikairudisha yangu kwenye soksi. Asiyejua maana haambiwi maana. Tena nilitaka aaibike.

Sasa kulikuwa na ahadi. Marehemu aliwaahidi wauguzi wenye kwaya kwamba atawarekodi kabla ukumbi wao haujageuzwa ghala. Siku ilibaki moja, Jumamosi. Mwalimu wa kwaya akampa Kiti kazi hiyo. Kiti akanunua maiki nyingine yenye jina lile lile, akatamba kuwa hakuna sikio duniani litakalozitofautisha. Nikatia soksi mfukoni, nikachukua funguo, nikaenda.

Wauguzi walikwisha kujipanga. Kiti alikuwa ameinama mbele ya maiki, moja mbili, moja mbili. Mbele tu. Aliponiona akauliza kama nimekuja kufagia. Nikatikisa funguo, nikaizunguka ya dada yake. Kisha ile mpya.

Hedifoni zilikuwa masikioni mwake. Nilipofika ubavuni akaacha kucheka. Akanionyesha kwa kidole nirudie. Nikarudia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba funguo zimegeuka bati.

"Ile nyingine unayo?"

"Ninayo."

"Nipe basi, shemeji."

"Kwanza waambie hawa ulichofanya."

Mwalimu wa kwaya akatazama saa. Wenye ghala walikuwa mlangoni na makufuli yao mapya. Nilijua nikizidi kumkomoa huyu, nitakayemvunjia ahadi ni marehemu. Hata hivyo mkono sikuutoa mfukoni.

Kiti akawageukia wauguzi. "Zilikuwa mbili za dada. Nilizitenganisha. Sikuwahi kumuuliza kwa nini zinakaa pamoja."

Nikampa. Akaifunga mahali pa ile mpya, akawasha mashine, akaniomba nizunguke tena. Nikazunguka zote mbili. Safari hii hakuniambia nirudie. Wauguzi wakaimba mpaka nyimbo zikaisha.

Baadaye akaninyooshea mkono tupatane. Kiganjani nikamwekea soksi tupu, nikasubiri. Akaziingiza maiki zote mbili. Nikaondoka nazo.

Wiki iliyofuata alileta rekodi. Tulizungumza mlangoni, kukaa sikumkaribisha. Akasema mashine ilishika funguo zangu kabla ya wimbo wa kwanza, ni kosa dogo, atazikata.

Nikamwambia akizikata, asikanyage hapa tena.

Kwaya naisikiliza mara moja moja. Funguo, kila siku.