Nilivyojifunza kushona tumbo kwa matundu, nikageuka mganga wa wachimba dhahabu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, na kuku waliohusika ni wengi mno kwa mtu kukaa kutunga uongo.

Miaka ya tisini nilikuwa daktari kijana kwenye hospitali ndogo, njia ya Tinde. Akaja mgeni, bingwa wa magonjwa ya kina mama, na mashine ya kupasua kwa matundu madogo. Unaingiza kamera na vyuma virefu tumboni, unashona huku macho yako kwenye televisheni.

Tulikuwa na mgonjwa, Nyanjige, mke wa mchimbaji wa Mwakitolyo. Ana uvimbe kwenye ovari, mtoto hana, na mama mkwe keshaanza kusema arudishwe kwao.

Mgeni akaniambia, "Tukimpasua tumbo wazi, makovu yanaweza kuziba mirija. Nikirudi nikukute unajua kufunga fundo kwa vyuma hivi, tutapita kwenye matundu. Peke yangu siwezi."

Akaniachia vyuma, akaondoka.

Vifaa vya mazoezi hakuna. Nikatoboa boksi la sabuni, nikatega kioo cha kunyolea badala ya kamera, ndani nikaweka kuku aliyepasuliwa ili nishone firigisi. Kwa kuwa nilitaka mwanga, nikakaa uani mchana kweupe.

Mnaoijua Usukuma mshaelewa nilipokosea.

Huku, mtu anayepasua kuku na kumkodolea macho tumboni hawezi kuwa daktari. Huyo ni mfumu, mganga anayesoma mambo ndani ya kuku. Tena mimi nina kioo, kama wanachotazamia waganga!

Wiki haikuisha, wachimbaji wakapanga foleni, kila mtu na kuku wake.

"Shikamoo, mfumu."

"Marahaba. Mimi ni daktari, bwana."

"Sawa, daktari. Dhahabu iko wapi?"

"Hakuna dhahabu. Naona firigisi."

Nilidhani watakasirika. Wapi! Walichimba hivyo hivyo, wakakosa, wakarudi kunishukuru. Waganga wengine walikuwa wanaahidi, mimi kila mtu namwambia hakuna, na kweli hakuna. Nikasifiwa mpaka Geita kwamba sikosei.

Mimi huku fundo linafumuka kila nikilivuta. Hasira zilinipanda hadi nikawa nagombana na boksi.

Siku fundo liliposhika kwa mara ya kwanza, kuku aliyekuwemo kwenye boksi aliletwa na mama mkwe wa Nyanjige. Kasimama mbele yangu.

"Baba, nataka kumrudisha mkwe wangu. Angalia humo kama kuna mtoto atakayekuja."

Nikisema yupo, nimedanganya. Nikisema hakuna, ndoa imekwisha.

"Mama, hilo sijui. Ila usimrudishe mpaka tumtibu."

Akapiga kigelegele.

"Hajasema hakuna! Watu wote kawaambia hakuna, mimi hajasema!"

Nyanjige akabaki kwake. Mgeni aliporudi tulimpasua Nyanjige pamoja kwa matundu, na mafundo yangu yakashika. Nilipotoka chumba cha upasuaji nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema.

Baadaye akajifungua wa kiume. Ukoo ukamwita Maboksi. Mwanamke ambaye hadi kisimani walimwita jina lake tupu, sasa wanamwita Mama Maboksi.

Nilichojifunza: fundo linataka mazoezi, na mazoezi fanyia ndani.

Mliofanya kazi hospitali za mikoani, shusheni na vituko vyenu hapa chini. Ila asije mtu inbox kuniuliza kama duara lake, shimo lake la kuchimba, lina dhahabu.

Hakuna.